Baba au Papa? Nukta na Sikio katika Maandishi Yetu ya Kale

Mtoto wa chuoni hufunzwa mapema kwamba be, te na the ni ndugu wa tumbo moja. Umbo lao ni moja, mithili ya dau lililopwelewa ufukweni, na lau si nukta hapana ambaye angemjua yupi ni nani. Be huchukua nukta moja chini, te huchukua mbili juu, the huchukua tatu. Watoto huimba, mwalimu huitikia, na kabla ya mwaka kwisha kila mmoja ameshajua kwamba kitone kidogo kuliko punje ya mchele ndicho kinachotenga herufi na herufi, neno na neno.

Wataalamu wa isimu wana istilahi yao ya jambo hili. Huliita sifa bainifu, yaani ile alama moja inayokitenga kitu na wenzake wanaofanana nacho kwa mengine yote. P na b hutamkwa kwa midomo ile ile miwili. Kinachozitenga ni mtetemo wa koo tu. Uondoe mtetemo huo, na bata atakuwa pata.

Swali langu katika makala haya ni la kihistoria. Wazee wetu waliandika Kiswahili kwa khati ya Kiarabu kwa karne kadhaa, na khati hiyo haikuwa na alama za kutosha kutenga sauti zote za lugha yetu. Waliwezaje, basi, kusomana? Na sisi tulioiacha khati hiyo tukachukua herufi za Kirumi, tulipata nini na tulipoteza nini?

Nukta zenyewe zilikotoka

Kwanza yatupasa kukumbuka kwamba hata Waarabu hawakuzaliwa na nukta. Maandishi yao ya mwanzo yalikuwa na mifupa ya herufi tu. Msomaji aliona umbo la dau na akajua kwa mazoea kwamba hapa ni be na pale ni te. Nukta zilikuwapo, lakini ziliwekwa kwa nadra. Ipo karatasi ya mafunjo ya mwaka 22 Hijria, sawa na 643 Miladia, iliyohifadhiwa Vienna, ambayo baadhi ya herufi zake zina nukta na nyingi hazina.

Uislamu ulipotoka Bara Arabu ukaingia kwa watu ambao Kiarabu hakikuwa lugha ya mama zao, mazoea hayo hayakutosha tena. Mapokezi yanamtaja Abu al-Aswad al-Du'ali, aliyefariki mwaka 69 Hijria, kuwa ndiye aliyeanza kuonyesha irabu kwa vitone vya wino wa rangi nyingine: juu ya herufi, chini yake au mbele yake. Baadaye, katika zama za al-Hajjaj, gavana wa Iraq, wanafunzi wa njia yake, Nasr bin Asim na Yahya bin Ya'mur, wanasemekana kuzipanga nukta za kutenga herufi zinazofanana. Katika karne ya 8 akaja al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mtu mwenye asili ya Oman aliyeishi Basra, akaviweka kando vitone vya rangi na kutumia vijiherufi vidogo: alifu ndogo iliyolazwa ikawa fat-ha, wau ndogo ikawa dhuma. Irabu tunazoziweka mpaka leo zatokana na yeye.

Wapenzi wa ushairi wana sababu ya pili ya kumkumbuka mtu huyu. Al-Khalil ndiye aliyeiasisi elimu ya arudhi, elimu ya kuzipima bahari za mashairi ya Kiarabu. Sikio lililozisikia mizani za ushairi ndilo lililotafuta alama za irabu. Mimi siyaoni mambo haya mawili kuwa mbali mbali, na huko mbele msomaji ataona kwa nini.

Funzo la historia hii ni moja. Madhali watu wote husikia sawasawa, mifupa ya herufi huwatosha. Alama huhitajika siku ile sikio linapoanza kutiliwa shaka.

Mataifa mengine yaliyoichukua khati ya Kiarabu yalikutana na shida ya aina nyingine. Waajemi walikuwa na sauti ambazo Mwarabu hanazo. Wakaichukua be wakaipa nukta tatu chini, ikawa pe. Wakaichukua jimu wakaipa nukta tatu, ikawa che. Wamalai nao wakafanya vivyo hivyo kwa sauti zao, na khati yao wakaiita Jawi. Huko kwao alama hizo zilienea zikawa desturi ya wote.

Dau moja, abiria wengi

Sasa turejee pwani kwetu. Miongoni mwa maandishi ya Kiswahili ya kale zaidi tuliyonayo ni barua za Kilwa za mwaka 1711, zilizohifadhiwa Goa katika nyaraka za Wareno. Utenzi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Bwana Mwengo wa Athumani, umebeba tarehe ya mwaka 1728. Maandishi haya hayana alama ya mtu anayebahatisha. Mikono iliyoyaandika ilikuwa imekwisha kuzoea kazi.

Hata hivyo khati ilikuwa finyu kwa lugha. Kiarabu kina irabu tatu, Kiswahili kina tano. Kwa hiyo kasra moja ilibeba i na e, na dhuma moja ilibeba u na o. Be ilibeba b na p. Fe ilibeba f na v. Ghaini ilibeba gh na g. Juu ya hayo, waandishi wengi hawakuiandika m au n inayotangulia sauti nyingine, hivyo be ile ile ikawa pia mb, dali ikawa pia nd, na ghaini ikawa pia ng. Wapo waandishi waliozitumia pe na che za Waajemi, lakini wengi hawakuzitumia, na hata huyo aliyezitumia katika ukurasa mmoja aliweza kuzisahau katika ukurasa wa pili.

Tutazame mfano. Andika be mbili zenye fat-ha. Umeandika baba. Umeandika pia papa, na pamba, na bamba. Zitie be hizo kasra mbili, na sasa umeandika bibi, pembe, pipi na pimbi. Chukua kafu mbili zenye dhuma: ni kuku, na ni koko. Chukua fe yenye dhuma na wau yenye fat-ha: mtu huyu anafua nguo au anavua samaki?

Kwa nini alama za Waajemi hazikuwa desturi kwetu? Nionavyo mimi, pwani yetu haikuwa na dola moja yenye diwani moja ya makatibu wa kuamrisha kwamba p iandikwe hivi na si vile. Pate ilikuwa na mji wake na wasomi wake, Mombasa vile vile, Kilwa vile vile. Kila mwalimu alifunza alivyofunzwa. Na lililo kubwa zaidi, haja haikuwa kali. Barua iliandikwa kwa mtu anayejua habari iliyomo. Utenzi uliandikwa ili usomwe kwa sauti mbele ya watu ambao nusu yao waliujua kwa moyo. Karatasi ilikuwa mkumbushaji. Hifadhi yenyewe ilikuwa kifuani.

Wala tusidhani kwamba waandishi hao hawakuwa na werevu wao. Wengi wao waliitia alifu, ye au wau silabi ya kabla ya mwisho, pale mkazo wa Kiswahili unapokaa. Hiyo si kanuni ya Kiarabu. Ni sikio la Mswahili likiandika lahani ya lugha yake kwa wino wa kuazima.

Kina kama ufunguo

Ushairi ulikuwa na njia yake ya kujilinda, na hapa ndipo ninapomrejea al-Khalil. Katika utenzi, mishororo mitatu ya kwanza ya ubeti hufungwa kwa kina kimoja, na wa nne hubeba bahari inayokwenda nayo kazi yote toka mwanzo hadi mwisho. Tuseme mshororo wa kwanza umekomea kwenye be yenye fat-ha, nasi hatujui kama ni ba, pa au mba. Wa pili nao vile vile. Lakini wa tatu umekomea kwenye neno mahaba. Mahaba ni neno lililotoka Kiarabu, na Kiarabu hakina p wala mb. Be yake ni be ya haki. Kwa ufunguo huo mmoja mishororo miwili ya juu imefunguka: kina ni ba. Maneno ya kukopa, ambayo baadhi yetu huyalaumu kwa kuujaza ushairi wa kale, mara nyingi ndiyo yaliyotuokoa tusiusome upogo.

Mizani nazo hufanya kazi yake. Mbuni ndege ana mizani mbili. Mbuni wa kahawa una tatu, kwa sababu m yake husimama peke yake. Msomaji anayehesabu mizani nane za utenzi hulijua neno analolihitaji hata kabla ya kulitazama vizuri. Naam, kina na mizani si pambo tu. Katika khati iliyokosa nukta, vilikuwa ni nukta za sikio.

Lakini kina hulinda mwisho wa mshororo tu, na mizani hazitengi baba na papa. Katikati ya mshororo msomaji hubaki na akili yake na kumbukumbu za waliomtangulia. Naeleza lililonifika, kwa kuwa ndilo lililonifunza somo hili.

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa nikijifunza peke yangu kusoma karatasi kuukuu, nilipewa shairi la kunakili. Karatasi ilitoka Pemba, nusu yake ya chini imeliwa na mchwa. Beti mbili zilizobaki zilieleza kwamba baba amezama baharini, na watu wamesimama pwani wakiyatazama maji. Nikalia nalo moyoni. Nikalinakili kwa herufi za Kirumi, nikaliandikia dibaji, nikalipa jina la tanzia, na nilikuwa nimebakisha kulipeleka kupigwa chapa. Bahati nzuri nilimsomea kwanza bibi wa nyumba ile iliyotoka karatasi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka.

“Mwanangu,” akaniambia, “huyo si baba. Huyo ni papa.”

Akaendelea kunighania beti zilizoliwa na mchwa, moja baada ya moja, bila ya kukwama. Papa amezama, na watu wa pwani wanayatazama maji kwa hofu, hawajui atazukia wapi. Shairi halikuwa la msiba. Lilikuwa dongo alilotupiwa mkopeshaji mmoja aliyekuwa akizimeza shamba za karafuu za watu kwa rehani. Mtunzi aliandika kilio cha watu waliodhulumiwa, nami nilikuwa tayari kukigeuza kuwa sala ya kumuombea rehema huyo aliyewadhulumu. Nukta nne tu ndizo zilizokosekana, mbili kwa kila be.

Mwalimu Sikujua na nukta za Mombasa

Si mimi wa kwanza kuitambua hatari hiyo. Mjini Mombasa, katika miaka ya 1880, aliishi mwanachuoni na mshairi aitwaye Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi. Muyaka bin Haji alikuwa amefariki mwaka 1840, na mashairi yake yalikuwa yametawanyika vinywani mwa watu. Waliomjua walikuwa wakipungua. Mwalimu Sikujua akayakusanya, akiyachukua kwa wenye kuyakumbuka. Alishirikiana na mmisionari wa Kiingereza, William Taylor, mtu aliyekuwa na sikio kali la lugha.

Katika kazi hiyo waliirekebisha khati. Herufi za kuazima zikapewa nukta na alama za kuzitenga sauti ambazo zamani zilipanda dau moja: p na b, v na f, e na i, o na u. Hawakuishia hapo. Kimvita hutenga sauti nyingine ambazo sikio la mgeni huzipita bila ya kuziona, nazo pia walizishughulikia. Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890. Karatasi zilikwenda London pamoja na Taylor, na mwaka 1940 William Hichens akazipiga chapa mjini Johannesburg kwa jina la Diwani ya Muyaka. Mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz naye akamtolea Muyaka kitabu kikubwa. Lau si mtu mmoja aliyeona kwamba masikio yanakufa na akaharakisha kuweka alama, leo Muyaka angekuwa jina tu.

Kazi hiyo haikukatika. Sheikh Yahya Ali Omar, mzaliwa wa Mombasa wa mwaka 1924 aliyefariki mwaka 2008, aliitumikia kwa miaka mingi huko London. Mwaka 1997, yeye na P. J. L. Frankl walichapisha mapitio ya historia ya kuandika Kiswahili kwa khati ya Kiarabu, pamoja na mapendekezo ya khati iliyokamilika. Lakini wakati huo watoto wetu walikuwa wamekwisha kuhamia khati nyingine.

Tulichofuta sisi

Herufi za Kirumi zilikuwa zimeingia zamani kidogo. Steere alitoa kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Kamusi ya Krapf, iliyoegemea Kimvita, ilitoka mwaka 1882. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ukakiteua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya kusimamia tahajia moja. Tuseme haki: herufi hizo zilileta nuru. P ikatengana na b, e ikatengana na i, baba akatengana na papa mchana kweupe. Mtu asiyewahi kumwona mtunzi wala kusikia shairi likighaniwa aliweza kulisoma.

Ila kila khati hukamata kwa mkono mmoja na kuacha kwa mwingine. Mzee wa Mvita anapotaja paa la nyumba na paa wa mwituni, hatamki neno moja. Paa wa mwituni hutoka na pumzi, paa la nyumba halina. Vivyo hivyo kaa la moto na kaa wa mikokoni. Pumzi ile si madaha. Ni alama ya n ya ngeli iliyokuwapo hapo kale ikafa, nayo pumzi ikabaki kama kaburi lake. Kimvita pia kina t mbili, ya meno na ya ufizi. Kuteka kwa ulimi kwenye meno ndiko kucheka kwa watu wa Unguja. Kuteka kwa ulimi kwenye ufizi ni kuteka maji kisimani. Tahajia sanifu imezipandisha zote katika dau moja, kama vile be ya zamani ilivyoipandisha p.

Mshairi anayecheza na neno kaa ubeti mzima huyajua makaa yake yote, lipi la pumzi na lipi lisilo pumzi, na utamu wa mchezo umo humo. Msomaji wa Dodoma au Nairobi, aliyejifunza Kiswahili kwa kitabu, huona herufi tatu zile zile zikirudiwa rudiwa. Hana kosa. Karatasi haikumwambia.

Kwa hiyo siwaungi mkono wanaosema kwamba khati ya Kiarabu haikufaa, wala wanaosema kwamba khati ya Kirumi imetuharibia kila kitu. Zote mbili zilimtegemea msomaji aongeze kitu kutoka kwake. Tofauti ni kwamba wazee wetu walijua kwamba karatasi haitoshi, wakamweka mghani kando yake. Sisi tumeiamini karatasi mno, na waghani tumewaacha waondoke mmoja mmoja.

J. W. T. Allen alipoyakusanya maandishi ya Kiswahili kwa ajili ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, orodha yake iliyotoka mwaka 1970 ilitaja vitu viwili katika jina lake: miswada na kanda za sauti. Naamini hapo alitutangulia. Katika nyumba za Unguja, Pemba, Lamu na Pate bado kuna visanduku vyenye karatasi, na mara nyingi wageni wanaokuja kuzipiga picha hupiga picha karatasi peke yake. Picha ya be mbili ni be mbili tu. Anayefungua kisanduku na amwite kwanza mkubwa wa nyumba, amsomee kwa sauti, amrekodi akisahihisha. Karatasi itangoja, mkubwa wa nyumba hatangoja.

Bibi yule wa Pemba hayupo tena, Mungu amrehemu. Karatasi yake niliirejesha kama ilivyokuwa, sikuigusa. Lakini katika nakala yangu niliandika beti zote alizonighania, na juu kabisa nikaliandika jina la shairi kwa khati ile ile ya mtunzi, be mbili zenye fat-ha. Kisha nikachukua kalamu ya wino mwekundu nikaongeza nukta mbili chini ya kila moja.